Somo kwa Makatibu: Ukomo wa Udongo katika Kuhifadhi Kaboni



Kila katibu wa chama cha msingi anaufahamu ukomo wa madeni, yaani kiasi kilichowekwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, ambacho chama hakina ruhusa ya kukivuka kinapokopa. Somo hili linahusu ukomo wa aina nyingine. Huu haukuwekwa na mkutano wowote, wala hauongezwi kwa kunyoosha mikono. Ni ukomo wa udongo wa shamba katika kuhifadhi kaboni.

Sababu ya kulileta somo hili kwenu ni ya kibiashara. Baadhi ya vyama vyetu vya pamba vimekwisha kuletewa rasimu za mikataba ya kuuza kaboni ya udongo. Mwanachama anatakiwa atie samadi, aache mabua shambani, apande mazao ya jamii ya kunde na apunguze kulima. Naye mnunuzi atalipa kwa kila tani ya hewa ya ukaa itakayohesabiwa kuwa imefungiwa ardhini. Muda wa mikataba hiyo ni mrefu, aghalabu miaka 20 au 30. Katika rasimu moja niliyoombwa kuisoma, mwandishi alichukua ongezeko la mwaka wa kwanza akalizidisha kwa 30, kana kwamba udongo ni ghala lisilo na kuta wala mlango wa kutokea. Bodi ya chama kile ilikuwa imeanza tayari kuzungumzia trekta.

Jinsi kaboni inavyoingia na kutoka

Mmea huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuitumia kujenga mizizi, shina na majani. Mmea ukifa, au ng'ombe akiula na kutoa samadi, mabaki yake huingia udongoni na kuwa chakula cha vijidudu. Sehemu kubwa ya chakula hicho hurudi hewani wakati vijidudu vinapopumua. Sehemu ndogo husalia, nayo ndiyo mboji. Kwa hesabu ya zamani iliyozoeleka katika maabara, asilimia 58 ya mboji ni kaboni. Tena yafaa ikumbukwe kwamba tani moja ya kaboni ikigeuka kuwa hewa ya ukaa huwa na uzito wa tani 3.67, kwa kuwa imeungana na oksijeni. Wauzaji na wanunuzi huhesabu kwa hewa ya ukaa. Wapimaji wa udongo huhesabu kwa kaboni. Katibu asiyetofautisha vipimo hivi viwili atadanganyika hata bila ya mtu kukusudia kumdanganya.

Sasa na tuifungue leja ya ghala. Kuna baki ya mwanzo, kuna mapokezi, kuna matoleo, na kuna baki ya mwisho. Udongo una leja ya namna hiyohiyo, isipokuwa kwa jambo moja: matoleo yake hayaamuliwi na katibu. Vijidudu hula sehemu fulani ya mboji yote iliyomo kila mwaka. Kwa hiyo, kadiri baki inavyokuwa kubwa, ndivyo na kinacholiwa kinavyokuwa kikubwa. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Hekta moja ya shamba la kichanga ina tani 15 za kaboni katika sentimita 30 za juu. Vijidudu hula asilimia 4 kwa mwaka, yaani tani 0.6, na mizizi ya mazao hurudisha tani 0.6. Shamba limetulia: halipandi wala halishuki. Mwenye shamba anaanza kutia samadi, na mapokezi yanafikia tani 1 ya kaboni ya mboji kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ongezeko ni tani 0.4. Lakini mwaka unaofuata baki ni kubwa zaidi, na walaji wanakula zaidi. Mwaka wa 10 ongezeko ni tani 0.28, mwaka wa 20 ni 0.18, mwaka wa 30 ni 0.12. Baki ikifikia tani 25, asilimia 4 yake ni tani 1 kamili, sawa na kinachoingia. Kuanzia hapo mkulima atatia samadi ileile, kwa jasho lilelile, na kaboni haitaongezeka hata kilo moja.

Hesabuni miaka 30 yote. Ongezeko halisi ni tani 7 na kidogo za kaboni, ambazo ni takriban tani 26 za hewa ya ukaa. Aliyezidisha mwaka wa kwanza kwa 30 amepata tani 12 za kaboni, yaani tani 44 za hewa ya ukaa. Tofauti ni tani 18 kwa kila hekta. Chama chenye hekta 300 katika mkataba kitakuwa kimeahidi tani 5,400 ambazo hazipo, na huenda malipo yake yamekwisha kutumika.

Kuta za ghala

Mpaka hapa tumeuzungumzia mlango. Kuna na kuta. Mboji inayodumu miaka mingi hushikamana na chembe laini kabisa za udongo, yaani mfinyanzi na tope laini, au hujificha ndani ya mabonge madogo ambamo vijidudu haviifikii kwa urahisi. Chembe hizo zina eneo lenye kikomo. Zikijaa, mboji inayozidi hubaki wazi na huliwa upesi.

Mwaka 1997 mtaalamu wa Uholanzi, J. Hassink, alitoa kanuni ya kukadiria kiasi kinachoweza kushikwa. Chukua asilimia ya chembe laini, zidisha kwa 0.37, kisha ongeza 4.09, jibu ni gramu za kaboni kwa kila kilo ya udongo. Wazee wa Usukuma waliugawa udongo wao kwa majina tangu zamani, na majina hayo yanatusaidia hapa kuliko istilahi nyingi za vitabuni. Luseni, ule udongo wa kichanga wa miteremkoni chini ya miamba, tukisema una asilimia 15 ya chembe laini, utashika gramu 9.6 kwa kilo. Udongo wa mbuga wa bondeni, tukisema una asilimia 70, utashika gramu 30. Geoffrey Milne, aliyekuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, ndiye aliyeueleza mwaka 1935 mfuatano huu wa udongo toka kilimani hadi bondeni Afrika Mashariki, akauita katena, maana yake mnyororo. Na jina hilo sasa hutumika duniani kote.

Kanuni ya Hassink ni ya makadirio tu. Mfinyanzi wa udongo mkongwe uliochakaa hushika kidogo kuliko mfinyanzi wa aina nyingine, na udongo wa majivu ya volkano, kama ule wa Kilimanjaro na Rungwe, hushika zaidi. Vilevile mwanachama asidanganywe na rangi. Mbuga ni nyeusi tii, walakini weusi wake si kipimo cha mboji. Mara nyingi kaboni yake ni ndogo kuliko ya udongo mwekundu wa mlimani wenye miti.

Turudi kwenye lile shamba letu la mfano. Udongo wa sentimita 30 katika hekta moja ya kichanga una uzito wa karibu tani 4,200. Tukitumia gramu 9.6 kwa kilo, kuta zinaweza kushika tani 40 za kaboni. Mjumbe wa mnunuzi akisema shamba lenu lina nafasi ya tani 25 zaidi, hasemi uongo. Asichokisema ni kwamba kwa mapokezi ya tani 1 shamba litasimama kwenye 25, na halitaziona 40 kamwe. Ili lizifikie, ingebidi samadi iwe mara mbili na nusu ya ile ya mfano wetu, kila mwaka, bila kukoma. Kwa mashamba yetu mengi, basi, kinachozuia kwanza ni uchache wa kinachoingia na wepesi wa kinachotoka. Kuta ziko mbali zaidi.

Waliopima miaka mingi wanasema nini

Jaribio la zamani kuliko yote yanayoendelea liko Rothamsted, Uingereza, katika shamba liitwalo Broadbalk, lililoanzishwa mwaka 1843. Sehemu mojawapo imekuwa ikitiwa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka. Kaboni ilipanda haraka katika miongo ya kwanza, kisha mwendo ukapungua mwaka hadi mwaka, na leo sehemu ile ina zaidi ya mara mbili ya kaboni ya sehemu isiyotiwa kitu. Tani 35 kwa hekta ni tani 14 kwa ekari. Ikiwa mkokoteni wetu wa ng'ombe unabeba nusu tani, hiyo ni mikokoteni 28 kwa ekari kila mwaka. Nani kati yetu ana zizi la namna hiyo?

Katika shamba jirani la Hoosfield, sehemu moja ya shayiri ilitiwa samadi kuanzia 1852 hadi 1871, kisha ikaachwa. Kaboni ikaanza kushuka. Zaidi ya karne moja baadaye ilikuwa bado juu kidogo ya ile sehemu isiyowahi kutiwa samadi, lakini sehemu kubwa ya iliyopatikana ilikuwa imekwisha kurudi hewani. Jambo hili ni muhimu kwa mkataba kuliko lile la kwanza. Kaboni ya udongo hukaa maadamu kazi iliyoileta inaendelea.

Hiyo ni nchi ya baridi. Mwaka 1977 D. S. Jenkinson na A. Ayanaba walichapisha matokeo ya kuoza kwa nyasi zilizotiwa alama ya kaboni ya mionzi, Uingereza na Nigeria. Katika joto na unyevu wa Nigeria kuoza kulikwenda kwa kasi ya mara nne. Nyumbani Afrika Mashariki, jaribio la mahindi na maharage la Kabete, Kenya, lilianza mwaka 1976. Baada ya miaka 18 mavuno ya sehemu zilizopewa samadi, mbolea na mabua yalikuwa makubwa mara kadhaa kuliko ya sehemu zisizopewa kitu. Hata hivyo kaboni ilikuwa imepungua katika sehemu zote, na tofauti ilikuwa katika kiasi cha kupungua. Majaribio mengine ya Kenya Magharibi, yaliyoanza 2003 na 2004 na kuchapishwa 2018, yalionyesha hali hiyohiyo: njia bora za kilimo zilipunguza hasara, hazikuongeza akiba.

Naomba msomaji asiyageuze maneno haya kuwa sababu ya kuacha samadi. Mkulima aliyezuia shamba lake lisishuke amefanya kazi kubwa, na malipo yake yamo katika magunia ya mahindi na marobota ya pamba. Ninachosema ni kwamba mkataba unaolipa kwa ongezeko hautamlipa kwa kuzuia kushuka, isipokuwa umeandikwa hivyo waziwazi.

Samadi yatoka wapi, na nani atalipia naitrojeni?

Ng'ombe hula malishoni na kulala zizini. Samadi inayobebwa kutoka zizini kwenda kwenye pamba ni kaboni iliyohama toka malisho kwenda shamba. Shamba limepata, malisho yamekosa, na anga halikupungukiwa kitu kikubwa. Mpimaji mwaminifu huuliza habari ya malisho pia.

Halafu, mboji haitengenezwi kwa kaboni peke yake. Kila sehemu 12 za kaboni huenda na sehemu moja ya naitrojeni, zaidi au pungufu kidogo. Tani moja ya kaboni ya mboji hufunga ndani yake kilo 83 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23. Kwa hiyo zile tani 7 za mfano wetu zinahitaji naitrojeni sawa na mifuko 25 ya yurea kwa hekta, itoke kwenye samadi, kwenye kunde au dukani. Ufaransa ilipozindua mjini Paris, Desemba 2015, mpango wa kuongeza kaboni ya udongo duniani kwa sehemu 4 kwa kila 1,000 kwa mwaka, wataalamu kadhaa waliuliza swali hili hili la naitrojeni.

Kuhusu mabua, pamba ina shida yake ya pekee. Masalia ya pamba hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Mkataba unaomtaka mwanachama aache masalia yote shambani unampeleka kugongana na afisa kilimo. Mabua ya mahindi na mtama yanaweza kubaki, lakini mwezi wa Agosti ng'ombe wa kijiji kizima wamo shambani, na desturi hiyo haifutwi kwa sahihi ya mwenyekiti wa chama.

Kupima

Ongezeko la tani 0.4 ndani ya tani 4,200 za udongo ni asilimia 0.01. Hakuna maabara itakayoliona kwa mwaka mmoja, kwa sababu hatua tano kutoka shimo moja tofauti huwa kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana miradi mingi haipimi kila mwaka, bali hukadiria kwa kielelezo cha hesabu. Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa Kenya, uliofanywa na Vi Agroforestry huko Kenya Magharibi pamoja na wakulima wapatao 60,000 na mfuko wa Benki ya Dunia, ulitumia kielelezo kilichobuniwa Rothamsted. Na hati zake za kwanza, za mwaka 2014, zilikuwa za tani 24,788 za hewa ya ukaa. Kukadiria si dhambi, lakini chama kijue kinauza makadirio, na kijue nani atabeba hasara kipimo kikija tofauti.

Kipimo cha kwanza, yaani baki ya mwanzo, ndicho chenye thamani kuliko vyote, nacho ndicho kinachofanywa kwa haraka kuliko vyote. Kina cha kuchimba kiandikwe, nacho kiwe kilekile siku zote. Shamba lisilolimwa hukusanya kaboni sentimita chache za juu na kuikosa chini, na mpimaji wa sentimita 10 ataona faida isiyokuwapo. Uzito wa udongo katika ujazo unaojulikana nao upimwe, maana udongo ulioshindiliwa huingiza udongo mwingi zaidi katika kina kilekile, ukaonekana umetajirika.

Mambo ya kutazamwa kabla ya kutia sahihi

Katibu asome kwanza kifungu cha muda, kisha kifungu cha malipo, na aone kama vimefungamana. Malipo yakipungua kadiri ongezeko linavyopungua, hayo ni ya haki. Lakini wajibu wa kuhifadhi haupungui, na miaka ya mwisho mwanachama atakuwa anafanya kazi yote kwa malipo kidogo au bila malipo. Chama kidai malipo ya kutunza, yaani malipo ya kuishikilia kaboni iliyokwisha kupatikana, hata kama haiongezeki. Atazame pia kifungu cha hasara: ukame ukija, au mwanachama akifa na warithi wakagawana shamba, nani anarudisha fedha? Kama ni chama, basi deni hilo lihesabiwe ndani ya ukomo wa madeni na lifikishwe mbele ya Mkutano Mkuu kwa jina lake halisi, yaani deni. Fedha ya kaboni isiingizwe katika makisio kama mapato ya kudumu, wala isiwekwe dhamana ya mkopo wa pembejeo. Na kwa mujibu wa Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, mradi wa namna hii una taratibu zake za kuandikishwa. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na mjumbe asiyejua habari za kituo hicho aombwe arudi akiwa na majibu.

Mashamba yaliyochoka sana ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kupanda, na ndiyo ambayo samadi kidogo huonyesha faida upesi katika mavuno. Bodi ikiwa na uchache wa samadi, ianze huko, mkataba uwepo usiwepo.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo

Shamba la mfano limefikia tani 22 za kaboni, kisha mwenyewe akauza ng'ombe wake wote na mapokezi yakarudi kuwa tani 0.6. Je, mwaka unaofuata atapoteza tani ngapi za kaboni, na ni sawa na tani ngapi za hewa ya ukaa? Katika kijiji chenu, samadi yote ya mazizi ingetosha ekari ngapi kwa mikokoteni saba kwa ekari kila mwaka? Na kama haitoshi wote, Mkutano Mkuu utatumia kipimo gani kuamua ni mwanachama yupi aingizwe katika mkataba na yupi asubiri?